Theluthi ya Mwisho

Walipoanza chama chao cha kusoma walikuwa kumi na tisa, kila mmoja na nakala yake ya kitabu. Miaka kumi na miwili baadaye walibaki watatu na kitabu kimoja, ambacho Sithokozile Ndiweni, mtumishi mstaafu wa maktaba, alikikata kwa kisu cha mkate katika mafungu matatu. Maisha yake yote alikuwa amewakaripia watu kwa kukunja pembe za kurasa. Sasa alikata uti wa riwaya kama anayechinja kuku, bila furaha wala kinyongo.

Kila mtu alikaa na fungu lake wiki tatu. Kisha, Jumamosi mchana, walikutana sebuleni kwa MaGumede, katika mtaa wa Makokoba, wakasimuliana kwa zamu mpaka kitabu kikaungana tena. Safari hii fungu la mwisho lilimwangukia Sithokozile, naye hakuwa amelisoma. Ukungu ulioingia machoni mwake ulikuwa umeufikia wino, na hata kioo cha kukuzia hakikumsaidia tena. Hakumwambia mtu. Mwenyekiti wa chama cha kusoma asiyeweza kusoma: MaGumede angelisema hilo mpaka kwenye mazishi yake.

MaGumede, fundi cherehani, alikwisha kusimulia mwanzo: mjane, nyumba, na mashemeji wanaoitaka. Khupe, aliyekuwa dereva wa treni, alifuatia na sehemu ya katikati, kwa mwendo wa treni ya mizigo.

"Basi mjane akafunga mlango, akakaa na ufunguo mkononi. Kwangu imeishia hapo," alisema Khupe. "Haya, MaNdiweni, tuambie. Huyu mama ameninyima usingizi."

"Usingizi upi, mzee? Umesinzia nikisimulia mimi," alisema MaGumede.

Sithokozile alinywa chai yake. Alikuwa amesoma riwaya za kutosha kujua kwamba mwandishi aliyechoka humaliza kwa kumwondoa mtu. Yeye pia alikuwa amechoka.

"Aliwapa ufunguo," alisema. "Akarudi kwao."

"Akawapa?" MaGumede aliweka kikombe chini. "Mwanamke aliyemmwagia shemeji uji wa moto? Awape?"

"Alichoka."

"Alichoka nini! Mimi nimechoka miaka ishirini na sijampa mtu ufunguo."

"Na yule wakili?" aliuliza Khupe. "Si alisema atakuja Jumatatu? Alikuja?"

"Hakuja."

"Mwandishi mpumbavu," alisema MaGumede, akinyoosha mkono. "Hebu lete hizo kurasa nione mwenyewe."

Kurasa zilikuwa mapajani mwa Sithokozile. Angeweza kumtungia wakili ajali, na ajali shahidi, na shahidi sababu ya kunyamaza. Aliona uongo mmoja ukiita mwingine, na kila mmoja ukidai nguvu ambazo hakuwa nazo. Akazitoa kurasa.

"Sikuzisoma," alisema. "Macho yamekwisha. Nimetunga."

MaGumede alizipokea, akaziweka mezani bila kuzitazama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na muda wote huo unanisahihisha mimi?"

"Ulikuwa unakosea."

Khupe aliinuka. Alizichukua kurasa, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vibaya, akimeza vituo kama aliyechelewa kufika Victoria Falls. Ilidhihirika kwamba mjane hakumpa mtu ufunguo, na MaGumede aliguna kwa kuridhika. Sithokozile alifumba macho. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, sentensi zilimfikia bila yeye kuzipigania.

"Rudi nyuma, Khupe," alisema. "Hapo pana nukta. Umeipita."

"Umeionaje?"

"Sikuiona. Hakuna mjane anayelia na kuuza mbuzi kwa pumzi moja."

Khupe alichungulia ukurasa, akakohoa, akarudi nyuma. Zilikuwa zimebaki kurasa sabini na moja.