Swichi ya Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa na wembe mkononi na kisogo cha mteja mbele yake simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa mama mkwe, na mama mkwe hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi bila jambo.

"Mkwe wangu, mmeamkaje huko? Mke wako hajambo? Haya, mimi ni mzima, ila gari limeniunguza vidole."

Akaeleza bila haraka, kama kawaida yake. Alikuwa ametoka alfajiri kupeleka miche ya michungwa, miche mia tatu nyuma ya pikapu, na ukungu umetanda. Akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kabla hajajua inatoka wapi, taa za mbele zikazimika zote mbili. Akapeleka mkono kwenye swichi ya taa, pale kwenye dashibodi, nayo ikamchoma kama kaa la moto. Akalisogeza gari pembeni kwa kubahatisha, akakaa humo mpaka kulipopambazuka, ndipo akageuza kurudi nyumbani.

"Mungu kaninusuru," alisema. "Nimemwita fundi. Ukipata nafasi, pitia."

Kinyozi alimaliza kile kichwa bila kukiona. Miezi miwili nyuma, mama mkwe alikuwa amelalamika kwamba taa za pikapu yake zinamulika kama koroboi. Yeye, mkwe wa mwaka mmoja, anayetafuta kila njia ya kupendeza ukweni, akaenda kununua balbu kali kuliko zote zilizokuwapo dukani. Muuza vipuri alimwambia gari la zamani namna ile halitaziweza. Alimjibu kwamba anajua anachofanya. Akazifunga mwenyewe, na mama mkwe akamsifia kwa majirani mpaka kichwa kikamvimba. Lile onyo la muuza vipuri hakumsimulia mtu, hata mkewe.

Alifunga kibanda, akaenda na moyo mzito.

Alimkuta fundi umeme wa magari, waliyemwita Polepole, amelala chali chini ya usukani, miguu imetokeza mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kati ya mistari ya miche, vidole viwili vimefungwa kitambaa kibichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

Pole anapewa yeye, na aliyeungua ni mama. Kinyozi akatazama chini.

Polepole akajivuta nje, ameshika swichi na soketi yake. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, tundu moja limeyeyuka na waya wake umekauka kama utambi.

"Magari haya ya zamani," alisema, "umeme wote wa taa za mbele hupita humu ndani ya swichi. Ukiwa mwingi kupita kiasi, inachemka. Balbu hizi kubwa nani kaweka?"

"Zilikuwamo," mama mkwe akadakia upesi.

Kinyozi alimtazama. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini macho yake yalirudi kwenye kile kitambaa kibichi.

"Nimeweka mimi," alisema. "Na muuza vipuri alinionya. Nisamehe, mama. Ungeweza kufa kwa ajili ya sifa zangu."

Polepole alikuna kidevu.

"Sawa, lakini kuna kitu hakiniingii akilini. Fyuzi ilitakiwa ikatike mapema, kabla swichi haijaungua. Kwa nini haikukatika?"

Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja. Ilikuwa imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti, ile inayopitisha umeme hata fyuzi ikikatika. Akamtazama kinyozi.

"Hiyo siijui," kinyozi alisema, na kweli hakuijua.

Wote wawili wakageuka. Mama mkwe alikuwa anachunguza jani la mchungwa kwa makini sana.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Zilikatika tatu kwa wiki moja. Dereva mmoja akanionyesha dawa hiyo. Ningekwambiaje, mwanangu, kwamba zawadi yako inanilaza njiani? Ulivyokuwa umefurahi siku ile."

"Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi..." Polepole alianza, akakumbuka amesimama kati ya mtu na mama mkwe wake, akakohoa. "Mficha maradhi, nataka kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Kinyozi alijizuia kwa heshima, akashindwa.

Kazi ilichukua saa nne. Polepole alikata waya zilizoungua mpaka akafika kwenye shaba safi, akafunga soketi mpya, akarudisha balbu za saizi ya gari. Kisha akavuta waya nene kutoka kwenye betri, zenye fyuzi zake, akazipitisha kwenye rilei mbili, vile visanduku vidogo vinavyobeba mzigo wa umeme badala ya swichi.

"Sasa swichi inatoa amri tu," alisema. "Kubeba wanabeba wengine. Na taa zitang'aa kuliko zamani, kwa sababu umeme haupotei njiani."

Waliwasha taa, wakaziacha nusu saa nzima. Polepole akamwambia kinyozi apime. Kinyozi aliweka kidole juu ya swichi, tayari kukiondoa, kisha akakilaza chote. Swichi ilikuwa baridi kama mtungi. Akashusha pumzi ndefu, akahisi mabega yake yakilegea.

"Niachie na mimi nafasi," mama mkwe alisema, akaweka kiganja chake kizima. Hakukiondoa haraka.

Kesho yake asubuhi kinyozi alikuwa na mzee mmoja kitini, nusu ya uso povu, simu ilipoita.

"Nimefika," mama mkwe alisema. "Miche yote imeshushwa. Ukungu ulikuwapo, lakini njia nimeiona."

"Na swichi, mama?"

"Nimeigusa mara sita. Endelea na kazi yako."