Neno Lolote, Washa

...haki ya Mungu, na Mungu mwenyewe ananiona hapa nilivyoinama, kila ninachosema ni kweli tupu, siongezi hata punje ya chumvi, vidole vyangu viwili vimebanwa kati ya mkanda na gurudumu la puli la mashine ya kupasua mbao, mimi, fundi ambaye mashine zikisikia viatu vyangu tu zinapona zenyewe, na siwezi kupiga kelele, siwezi hata kukohoa, kwa sababu mkwe wangu yuko nyuma ya ukuta wa mabati, mkono kwenye swichi, na ni mimi niliyemwambia, "Ukisikia sauti yangu, neno lolote, washa, mimi sirudii kazi," na yule bwana ana adabu, akiagizwa na baba mkwe anafanya, ndiyo balaa lenyewe hilo, adabu... taratibu, pumua kwa pua... mkanda wa zamani ulikuwa unapiga yowe tangu asubuhi, unanuka mpira ulioungua, nikautupia jicho mara moja, nikasema huu umeteleza mpaka umeng'aa kama kioo, tupa, naye mkwe akasema kwa upole, baba, tuvute uzi kwanza toka puli hii mpaka ile, naona kama hazitazamani sawa, nikamcheka, nikamwambia uzi ni jicho langu, nimenyoosha puli za meli kwa jicho moja huku la pili limelala, akasema basi tulegeze nati za mota, tuisogeze, mkanda uingie bila kulazimishwa, nikamwambia spana ni za wanaojifunza, nikaziacha mezani, mimi mkanda nauviringisha kwa mkono, nauegemeza ukingoni mwa puli, nazungusha, unapanda wenyewe, na kweli umepanda, umepanda pamoja na vidole vyangu... mkono wa kushoto, sukuma, puli irudi nyuma kidogo tu, kidogo... imerudi unywele, imeniponyoka, imebana tena, mama yangu we, usilie, fundi, usilie, hata kilio ni sauti... wanaongea huko, binti yangu kafika, namsikia anamuuliza mumewe baba yuko wapi, mumewe anamwambia yuko ndani anafunga mkanda, tunangoja aseme, na yule mteja mwenye mbao za kupasuliwa anadakia kwamba kungoja mzee yule aseme ni kazi rahisi kuliko zote duniani, wanacheka, chekeni, vidole vimeshakufa ganzi, sivisikii, ni vidole hivi hivi nilivyomfundishia binti yangu kuhesabu, alikuwa anakaa juu ya tairi kuukuu hapo karibu na miguu yangu, anameza kila ninachomwambia, kwamba niliwahi kusimamisha treni kwa mkanda wa suruali, ikawaje baba, halafu ikawaje, na siku moja akaacha kuuliza, siijui ni siku gani, nilikuwa naongea, sikuiona ikipita... mota ikiwaka vidole vinakwenda, kiganja kinafuata, na fundi bila mkono wa kulia ni nini, ni mtu wa kusimulia tu... nyamazeni huko, nani anasogea, mkwe huyo, anasema, "Kimya mno. Labda kasema hatukusikia. Niwashe?" usiwashe, mwanangu, usiwashe, nakusihi kwa tumbo lililonizaa, na mdomo umefunguka wenyewe, ulimi umeshainuka, meno yameukamata, damu, sawa, bora damu ya ulimi... "Toa mkono hapo," binti yangu huyo, "lini umemsikia baba akinyamaza?" na mimi niliyekuwa naomba asije mtu, nijinasue mwenyewe, nitoke na mkono mfukoni niseme nimepigana na nyoka humu ndani, sasa naomba aje, aje anione nilivyo, kamasi zinanitiririka na sina hadithi, njoo mwanangu, miguu yako siisikii bado, njoo, muulize baba yako kwa macho, nitakujibu kwa macho, sitaongeza kitu, aje na mumeo pia akitaka, ila yule mwenye mbao abaki nje, na mama yako nyumbani asilijue hili, nawaombeni sana, mkishaniona hivi msimwambie mtu yeyote...