Ndama Watatu wa Agustina Mokami

Afisa wa mipaka ya hifadhi ya wanyama alipofika Machochwe, mwaka wa hamsini na tatu, wazee walikuwa wamekwisha kunusa ugoro na Agustina Mokami alikuwa amesimama mbele yao na gauni lake la kanisani. Yeye ndiye mkalimani. Mwanamke, ndiyo, na aliyetaka kununa alinuna. Kutoka pale hadi Sirari hakukuwa na aliyemshinda Kiingereza, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukwambia.

Tangu shuleni, neno la Kiingereza likipita kinywani mwake kuingia Kikurya lilitoka na mwili. Neno la shukrani lilitoka kifaranga. La kodi lilitoka kupe. Watu walishazoea, wenye watoto mgongoni walisogea nyuma kidogo tu.

Afisa akanyoosha mkono kuelekea malishoni, akasema sentensi fupi yenye neno "keep". Agustina akatafsiri. Wakatoka ndama watatu, mmoja kwa kila maana ya neno lile, wamelowa, miguu inatetemeka: mweupe wa kutunza, mwekundu wa kufuga, mweusi wa kuzuia.

"Shikamoo, tata Nashoni," Agustina akasema. "Neno limekuja hivi. Wakagueni."

Wazee wakawakagua kama wanavyokagua ng'ombe wa mahari. Mzee Nashoni, ambaye mifugo yake ilikula majani ya upande ule tangu enzi za babu yake, akamfungua mweupe kinywa. Hana hata jino. Akambonyeza mgongo, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Ndani hamna kitu. Mwekundu alikuwa mzima, mzuri kabisa, lakini kila alipoelekea kwenye majani mweusi alikwenda kusimama mbele yake. Mwishowe akalala chini.

"Ng'ombe ni huyu mweusi," mzee akasema. "Hawa wengine wamemsindikiza tu."

Afisa alikuwa akipangusa vumbi viatuni. "Wewe sema mweupe tu," akamwambia Agustina kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Wazee wakubali, sisi twende."

Agustina akacheka bila haraka. "Bwana, mimi sifichi mifugo ya watu. Umeleta watatu, wameonekana watatu."

Wazee wakasimama, wakakataa kwa sauti moja. Loo, fahari aliyoiona Agustina siku ile! Mabega hayakumshuka tena. Afisa akaandika kwamba wamekubali, akaondoka, na mweupe akalikimbilia gari lake akilia njaa.

Nguzo za mpaka zilisimikwa kabla ya mvua. Mwekundu alikufa kiangazi kile, na mzee Nashoni akahamia Nyanungu kwa shemeji yake. Mweusi akawa fahali. Alisimama katikati ya njia ya malishoni, hali, hanywi, hazeeki.

Kila asubuhi Agustina aliwapeleka ng'ombe wake kwa njia ndefu ya kuzunguka. Akifika karibu na fahali aliinua kichwa, akamwita kwa jina lake halisi, Kuzuia, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye nguzo.

Fahali alimtazama. Hakusogea.