Koti la Mteja Asiyerudi

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, Mama Pindo alikuwa anashona kifungo cha mwisho kwenye gauni la mia na kumi na nane. Yalibaki mawili. Yalikuwa magauni ya manesi, rangi ya samawati, mifuko miwili mbele na pindo la vidole vitatu, nayo yalitakiwa yawe yamefika hospitali ya ng'ambo ya mpaka Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Hospitali ilikuwa imeandika wazi kwamba saa sita ikipita, kazi hii na zote zijazo atapewa mtu mwingine. Neno "zote" walikuwa wamelipigia mstari.

Kazi haikuwa yake peke yake. Upande wa pili wa mpaka aliishi mwenzake, Mama Rangi, ambaye mikono yake ilikuwa ya samawati mpaka viwikoni hata akitoka kuoga. Mama Rangi alitia vitambaa rangi kwenye mapipa uani kwake na kuvileta. Mama Pindo alikata na kushona. Walipokutana mara ya kwanza sokoni, miaka minne nyuma, hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe, ikabidi wazungumze kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa. Msalaba ulikuwa kata hapa. Duara moja, rudia. Maduara mawili, umekosea lakini sijakasirika. Siku hizi Mama Rangi alizungumza vizuri tu, na matusi alishayajua yote, lakini mambo mazito bado waliyaandika kwa chaki.

Walikuwa na mafundi saba, wanne huku na watatu kule, wote wanawake, wote na watoto wa kulisha. Juu ya hao alikuwepo mama mkwe wa Mama Pindo, mkuu wa vifungo, ambaye hakuwa na meno lakini hakuwahi kukosa neno.

Siku hiyo hiyo wenzi hao wawili walikwenda kituo cha mpakani kuomba kibali cha kuvusha mzigo. Zamani magunia mawili matatu yalipita bila makaratasi. Mzigo wa magauni mia na ishirini ulitaka kibali. Karani akawapokea vizuri, akawapa viti, akafungua faili.

"Mwenye biashara yuko wapi?" akauliza.

Mama Pindo akasema ni yeye, pamoja na huyu mwenzake.

"Nimekuelewa, mama," akasema karani kwa upole. "Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Mama Rangi akamwambia wenyewe ndio hawa, mmoja mnene mmoja mwembamba, awatazame vizuri. Karani akawatazama. Kisha akachungulia nyuma yao, kwanza bega la kushoto, halafu la kulia, kama mtu anayengoja lori limalize kupita aone upande wa pili wa barabara. Alipoona hakuna mtu, akafunga faili, akasema warudi na mwenyewe, yeye hana kinyongo.

Mama Pindo akauliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Karani akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta kwa uaminifu ukurasa kwa ukurasa mpaka jasho likamtoka.

"Haijaandikwa," akasema. "Ndiyo maana hakuna pa kuifutia."

Nyumbani mama mkwe alisimuliwa yote. Akasema marehemu mwanawe angekuwepo angekwenda, ingawa kwa anavyomjua angelala kwenye foleni. Kisha akaendelea na kifungo chake.

Jumanne walirudi kujaribu tena, wakiwa na gauni moja la kuonyesha. Mvua ilikuwa inanyesha, na Mama Pindo, kwa haraka, akachukua koti lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango wa karakana, akalifunikia gauni lisilowe.

Koti hilo lilikuwa na historia fupi. Miaka sita nyuma bwana mmoja aliingia akapimwa, akachagua kitambaa kizito cha kijivu, akasema atarudi Alhamisi. Hakurudi. Mama Pindo alikuwa na mwiko wake: kazi ya mtu haiuzwi, haigawiwi, wala haivaliwi. Koti likabaki nyuma ya mlango. Hakuna mtu aliyewahi kutia mkono ndani yake.

Walipofika ofisini akaliweka kwenye kiti likauke. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo angelifanya fundi tu. Mtu mwingine angelitupa koti likalala lilivyolala. Lakini Mama Pindo hakuweza kuona koti limekaa ovyo. Akalinyoosha mabega, akalifunga vifungo vyote vitatu, akaisimamisha kola, akavuta mikono ikalala vizuri juu ya mikono ya kiti. Kisha akarudi nyuma hatua moja, kama afanyavyo kwa kila kazi, kutazama imekaaje. Ilikuwa imekaa.

Karani akaingia, akaliona, akasimama wima.

"Shikamoo, mzee," akasema. Kisha akawageukia wale wanawake kwa lawama. "Mbona hamkusema mmekuja naye?"

"Hilo ni koti, mwanangu," akasema Mama Pindo.

"Naona. Na ni koti zuri, linamkaa."

Koti likainua mkono wa kulia kidogo, kama mtu anayesema yaishe, likaurudisha. Mama Pindo akaona bega la kushoto limepinda, akajilaumu kwamba hakuliongezea pamba. Mama Rangi akaangalia saa ukutani. Karani akaanza kujaza fomu, na kila swali aliliuliza koti. Koti liliponyamaza aliandika, akisema mzee ni mtu wa maneno machache, na watu wa hivyo ndio wenye akili. Kwenye nafasi ya jina la mwenye biashara akaandika: Mwenyewe. Kwenye nafasi ya chini akaandika: ameandamana na wanawake wawili. Akasema Alhamisi mzee aje aonane na mkuu wa kituo, aweke sahihi, na Ijumaa mzigo upite.

Njiani Mama Rangi alisema kwamba kwao wanasema mbuzi akikuvusha mto usimuulize pembe zake. Mama Pindo akajibu kwamba kwao wanasema cha kuazima hakisitiri matako. Koti lilikuwa limekaa katikati yao kwenye pikapu, na kila tuta lilipowarusha, lenyewe halikuruka.

Jumatano koti lilishinda karakanani. Halikutaka tena kutundikwa. Lilikaa kwenye kiti cha Mama Pindo, naye akashona amesimama. Mama mkwe akaliwekea chai, na chai ikapungua. Akasema lina adabu kuliko marehemu, maana limemaliza bila kulalamika sukari. Lakini kufikia adhuhuri mafundi walikuwa wameanza kunong'ona badala ya kuongea, na yule wa pasi, aliyezoea kuimba tangu asubuhi mpaka jioni, alikuwa amenyamaza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mama Pindo aliliona hilo.

Alhamisi koti lilishuka lenyewe kwenye pikapu, likaingia kituoni polepole, kama mtu aliyezoea kungojwa. Mkuu wa kituo akatoka hadi mlangoni kulipokea. Akaushika mkono wake, akautikisa, akaliingiza ndani. Wanawake walipotaka kufuata, karani akawaonyesha benchi la nje.

Wakakaa. Mlango ulikuwa mnene. Kilichopita ni vicheko, kwanza cha mkuu peke yake, halafu viwili kwa pamoja. Mama Pindo alikijua kila kipande cha koti lile, bitana yake, kamba ya kola, hata mahali sindano ilipovunjika. Hakujua lilikuwa na kicheko.

Karani akatoka kuchukua wino. Mama Rangi akamuuliza, kama mtu asiyejali, mbona sahihi moja inachukua saa nzima. Karani akajibu bila hila yoyote kwamba karatasi ni mbili. Moja ni kibali. Nyingine ni ya kumkabidhi karakana shemeji ya mkuu, aiendeshe kwa niaba ya mzee, maana mzee ni mtu mkubwa, hawezi kusumbuka na mambo ya cherehani. Shemeji angekuja na mafundi wake.

"Na sisi?" akauliza Mama Pindo.

"Nyinyi mko naye," akasema karani, akiwa haelewi swali. "Mzee hawezi kuwatupa."

Mama Pindo akasimama. Akasema kola ya mzee imepinda, aruhusiwe kuingia dakika moja kuinyoosha. Karani akasema kwa heshima kwamba ndani wanaume wanaongea. Mlango ukafungwa.

Mama Rangi akatoa chaki mfukoni. Juu ya mbao za benchi akachora msalaba mkubwa: kata. Mama Pindo alikuwa na mkasi mkobani, naye aliufikiria. Angelikata koti hapo mlangoni likitoka, lisitie sahihi tena maishani. Lakini basi hata kibali kingekuwa cha mtu asiyekuwepo, na kesho saa sita hospitali ingempa kazi mwingine. Akaufuta msalaba kwa kiganja. Akachora duara, akalitazama, halafu akalifuta nalo, kwa sababu hapakuwa na la kurudia. Wakabaki wanatazama mlango. Mshale wa saa ulitembea kutoka saa tano hadi saa sita na nusu. Mama Rangi akahesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao, watoto wa mafundi wote saba, akafika ishirini na mmoja, akaanza upya.

Mlango ukafunguliwa. Koti likatoka, likinukia sigara. Karani akawapa kibali, kimegongwa mhuri, na chini yake sahihi nzuri yenye mikia miwili. Mama Pindo akauliza ile nyingine.

"Mzee hajasaini," akasema karani. "Amekwenda nayo. Anasema ataifikiria."

Karatasi ilionekana, imekunjwa mara nne, ikichungulia kwenye mfuko wa ndani. Mama Pindo alinyoosha mkono aichukue, kama anavyotoa uzi uliobaki kwenye nguo ya mteja. Koti likajifunga kifungo cha juu.

Ijumaa koti lilipanda mbele na dereva. Wanawake walipanda nyuma na mafurushi. Askari wa mpaka akapiga saluti, kizuizi kikainuliwa. Saa tano na dakika arobaini walikuwa kwenye stoo ya hospitali. Mkuu wa manesi, mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na miwani ya kamba, akayahesabu magauni mia na ishirini, akalijaribu moja, akainama, akainuka, akanyanyua mikono juu. Halikubana popote. Akasema tangu aanze kazi hajavaa gauni lililoshonwa na mtu anayejua kwamba nesi huinama. Akasema hayo akiliangalia koti. Akalishika mkono, akalishukuru, akaagiza mengine mia tatu. Wenzi wale walikuwa wamesimama kando ya rafu ya mabeseni. Mama Rangi alikohoa mara mbili. Mkuu wa manesi akamwambia dawa ya kifua iko dirisha la pili.

Kazi ikaongezeka. Watu wakazoea. Kituoni koti lilipewa kiti chake, na mwezi uliofuata wafanyabiashara wa mpakani wakalichagua kuwa mwenyekiti wao, kwa kura zote. Mama Pindo na Mama Rangi hawakupiga, maana kura ilikuwa ya wenyewe. Kila safari mkuu wa kituo aliuliza kwa utani ile karatasi imefikia wapi, na kila safari koti lilijipapasa mfuko wa ndani. Mara moja Mama Pindo alipata nafasi ya kuitoa wakati koti limesinzia, akaichana vipande vinane, akaitia kwenye jiko la pasi. Safari iliyofuata mkuu alitoa nakala nyingine kwenye droo, bila kinyongo.

Asubuhi moja, magauni mia tatu yakiwa tayari yamefungwa na pikapu ikinguruma nje, koti halikuweza kujifunga. Lilikuwa limenenepa. Chai za karakanani, chakula cha mchana cha mkuu, vikao vya uenyekiti. Vifungo vilikuwa mbali na matundu yake vidole vitatu. Kituoni halingeingia likiwa wazi. Lilijua hilo, likasimama katikati ya karakana limenyoosha mikono, likingoja.

Mafundi wakaacha cherehani. Mama Rangi, aliyekuja alfajiri kuchukua mzigo, akasogea mlangoni, akausukuma ukafungwa.

"Lifumue," akasema mama mkwe, bila kuinua macho kutoka kwenye vifungo vyake. "Lote. Tujue moja."

Mama Pindo akachukua wembe. Akapiga magoti ubavuni mwa koti, akautafuta mshono wa upande kwa kidole gumba. Hakuhitaji kuutazama, ni yeye aliyeushona. Akakata uzi wa kwanza. Akakata wa pili. Mshono ukaachana kwa sauti ile ndogo ambayo kila fundi anaijua, kutoka kwapani hadi nyongani. Mfuko wa ndani ukajitokeza, na karatasi ndani yake. Nje dereva alipiga honi, akauliza kama mzee yuko tayari, saa zinakwenda.

Mama Pindo aliangalia mafurushi. Mia tatu. Akawaangalia mafundi mmoja mmoja, na yule wa pasi akaangalia chini.

Akaomba kipande cha kitambaa cha kijivu. Akapewa. Akapima vidole vitatu, akaongeza kimoja cha akiba, akakitia ubavuni, akakishona kwa mkono, kushona kwa karibu karibu kusikoonekana kwa nje. Akafanya na upande wa pili. Kisha akafunga vifungo kimoja kimoja, kuanzia cha chini, akarudi nyuma hatua moja.

"Panabana, mzee?" akauliza.

Koti lilikuwa limetia mkono kwenye mfuko wa ndani, penye karatasi, na lilikuwa bado linafikiri.