Kitanda cha Nne kwa Sita

Tangu wamzike Mulwa, mume wake, Ndunge hakuwa ametoa hata chozi moja, na akina mama wa kanisa pale Nunguni walilihangaikia jambo hilo kuliko yeye mwenyewe. Wengine walimwombea alie. Mmoja, kwa upendo wa Kikristo, alimuuliza kama kweli alimpenda marehemu. Ndunge akashukuru kwa chai, akarudi chuo cha ufundi. Mtihani wa useremala ulikuwa umekaribia, na bila cheti hakuna karakana ambayo ingemwajiri mjane mwenye mtoto mgongoni.

Kazi ya mtihani ilikuwa kitanda cha futi nne kwa sita. Kila mmoja alipewa mbao zake za saipresi, na ukiharibu huongezwi. Ndunge alipima, akachora kwa penseli, akakata. Hakuona woga wala hamu. Mikono iliijua kazi, akaiacha ifanye. Alifunga ubao wa kichwani na wa miguuni, akapanga chaga za kulalia godoro, akapiga msasa. Wanaume waliodhani msiba ungempunguza kasi aliwaacha bado wanakata.

Mwalimu Kiilu, aliyemfundisha kushika msumeno, akaja na futi yake. Akapima upana. Akapima tena.

"Ndunge, hii ni tatu kwa sita."

"Ni nne, mwalimu."

"Kuja uone mwenyewe."

Akaona. Mbao zote za upana zilikuwa zimekatwa sawasawa, safi kabisa, na kila moja ilipungua futi nzima.

"Mtu hukosea ubao moja," Kiilu alisema polepole. "Sasa hizi zote, ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikuwa nafikiria kitu."

Mtahini alisifu viungo vya mbao, kisha akamwangusha. Angerudia mwaka ujao. Ndunge akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kumenyesha mahali pengine.

Kiilu ndiye aliyeumia. "Si basi uiuze hapa soko? Kitanda ya mtu mmoja haikosi mteja."

"Hapana, mwalimu. Nataka kuibeba nyumbani."

"Kwani nyumbani huna kitanda?"

"Niko nayo. Ile ya nne kwa sita." Alipitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani. "Ni kubwa sana, mwalimu. Nikigeuka, sipati mtu."

Na hapo, mbele ya wanaume wote na misumeno yao, Ndunge akalia.