Salamu za Evodius

Evodius alikuwa na mdomo. Si mdomo wa matusi. Ni ule wa kumfanya mtu asahau ugali uliopoa mbele yake. Kwa miaka tisa Bernadetha alikuwa akiandika michezo ya kuigiza ya kikundi chao pale Ifakara, na hakuwahi kuficha kwamba nusu ya maneno aliyadokoa kwenye soga za Evodius. Sasa kifua kilikuwa kimemmaliza huyo Evodius. Kesho yake angepanda treni kurudi Uchindile kwa mama yake, na kila mtu alijua anarudi kufanya nini.

Ndiyo maana mchana ule wa mwaka 1996 Bernadetha alibeba kaseti mpya mpaka kibandani kwa Remigius, mchora mabango, mwigizaji mwenzao na mwenye redio kaseti. Hakutaka igizo wala shairi. Alitaka watatu wao wapige soga kama siku zote, ili sauti ile ibaki.

"Ongea tu, Evodi," alimwambia. "Chochote."

Remigius akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja. Evodius akafunga kifungo cha shati, akakohoa, akakaa wima.

"Mimi Evodius, nikiwa hapa Ifakara, napenda kuwasalimu wafuatao. Kwanza mama yangu mzazi, Margareta, popote alipo huko Uchindile. Shikamoo mama..."

Basi tena! Mtu kasikiliza salamu za redioni maisha yake yote, leo zamu yake imefika. Akamsalimu Kelestini wa mitumbwi kule Kivukoni. Akawasalimu wakata miwa wote aliowahi kufanya nao kazi. Akamsalimu Kabula, Msukuma aliyekuwa akimuuzia maziwa, "pamoja na ng'ombe wake wote."

"Zima," alisema Bernadetha. Remigius akazima.

Hapo ndipo mtu alipofunguka. Alisimulia jinsi kiboko alivyovamia mazoezi yao kando ya mto, na Remigius, aliyekuwa mfalme, akatimua mbio na taji lake kichwani mpaka barabarani. Walicheka hadi Evodius akashikwa na kikohozi, wakamshika mgongo. Kilipotulia, akasema polepole kwamba anaogopa kufa. Hajui huko atamchekesha nani.

Bernadetha akamkonyeza Remigius. Vitufe vikalia.

"Naam, naendelea na salamu zangu," alisema Evodius, wima tena.

Bernadetha alitamani kumzaba kofi. "Mbona mimi hujanisalimu?"

"Nikusalimu vipi na tumekaa wote hapa? Salamu ni za walio mbali."

Wiki ya tatu tangu Evodius aondoke, habari ya msiba ililetwa na abiria wa treni. Bernadetha hakuweza tena kuandika hata mstari mmoja. Akaazima redio ya Remigius, akajifungia chumbani asubuhi na mapema, akasikiliza pande zote mbili za kaseti. Kiboko hakuwamo. Ule woga haukuwamo. Yalikuwamo majina ya watu, kijiji baada ya kijiji. Akairudisha nyuma, na ilipopita pale alipouliza swali lake na kujibiwa, akabonyeza kitufe kuisimamisha, akalia kwa sauti bila kumwonea haya jirani.

"Sasa niko mbali, Evodi," aliiambia redio. "Nisalimu."

Akaiachia iendelee. Evodius akavuta pumzi, akawasalimu wenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mchombe.