Mwaka wa Babu Manus Uingereza

Kwa mamlaka niliyopewa na shule ya bweni ya mapadri, ambayo mpaka sasa haijafanikiwa kunifukuza, natangaza rasmi kwamba mchana wa mkesha wa Krismasi mimi, Fiachra, nilikuwa Ofisa Mkuu wa Pensheni wa Uingereza yote.

"Fiachra, shuka umwage majivu," bibi akaita kutoka chini.

Ofisa Mkuu akashuka, akamwaga majivu, akarudi chumbani kwake.

Jambo lenyewe ni hili. Babu Manus aliomba pensheni ya serikali yetu ya Ireland. Michango yake ya hapa Donegal ilipungua kwa karibu mwaka mmoja, lakini ujanani alikwenda Uingereza kuchimba mitaro ya mabomba, na sheria inaruhusu mwaka wa kule uunganishwe na ya huku. Asipoupata, atawafuata kondoo mlimani kwa ile nyonga yake mbovu mpaka tumzike. Karani wa mjini alimwambia Waingereza huenda wakampigia. Tangu hapo simu ya jikoni ikilia, babu anasimama na kuvua kofia.

Anaivulia simu kofia. Mtu wa aina yangu angejizuiaje?

Nikaurudisha mlango, nikaficha namba ya simu yangu ya mkononi, nikapiga ile ya jikoni. Lafudhi niliazima kwa mwalimu wetu wa hesabu, Mwingereza anayeongea kana kwamba ana yai la moto mdomoni.

"Bwana Manus Boyle? Hapa ni Ofisi ya Pensheni. Kuna tatizo dogo kuhusu mwaka wako."

Nilikusudia kumuuliza kama mitaro yake ilikuwa imenyooka, na kama mabomba yaliwahi kulalamika. Babu hakunipa nafasi.

"Nilijua mtapiga," alisema. "Ni habari ya Hughie, sivyo, bwana?"

"Hiyo hasa," nikasema kwa sauti nzito. "Eleza."

"Sikuwa nimefikisha umri wa kazi. Hughie Rodgers akanipa kadi yake ya bima, nichimbe kwa jina lake. Yeye hakuihitaji. Alilipwa mkononi ili kodi isimwone, kwa jina lolote lililomjia nyapara kichwani. Wengi tulifanya hivyo, bwana. Siku moja mtaro ukamwangukia. Haukuwekwa mbao za kuzuia udongo. Tulimfukua kwa mikono."

Nilitaka kukata simu. Kidole kikakataa.

"Nyapara akaniambia, Hughie hajafa, Hughie ni wewe, kadi yako ndivyo isemavyo. Fungua mdomo uone nani atafungwa. Wakamzika kwa jina la kubuni. John Kelly. Mtu ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Nami nikaendelea kuitwa Hughie mpaka kazi ikaisha."

"Na jamaa zake?" Lafudhi ilikuwa imeshanitoka. Hakutambua.

"Niliporudi huku, mama yake alikuwa akinishika mkono kila Jumapili baada ya misa, ananiuliza. Nikamwambia kahamia mji mwingine. Akafa akingoja barua. Dada yake nikamwoa mimi. Kila mkesha kama leo anamwashia mshumaa dirishani, ili akirudi aione nyumba. Futeni ombi langu, bwana. Mwaka ule si wangu. Ila nakuomba, msilete barua hapa. Mke wangu ndiye anayezifungua."

Ofisa lazima aseme kitu. "Basi nitaandika kwamba Hughie Rodgers amefariki," nikasema.

"Rudia," sauti ikasema nyuma yangu.

Bibi alikuwa mlangoni, amekumbatia mashuka. Simu haikuwa imekatwa. "Bwana? Upo, bwana?" babu alikuwa akiita, na sauti yake ilitufikia mara mbili, mara moja mkononi mwangu na mara nyingine kutoka ngazini. Bibi alizisikia zote mbili.

Alinishusha kwa kola mpaka jikoni. Babu alikuwa amesimama, mkono mmoja simu, mkono mwingine kofia.

"Mwambie," bibi akasema.

"Hakuna Mwingereza, Babu. Ni mimi. Hakuna kilichofutwa, ombi lako lipo palepale. Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mzaha," babu akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama bibi.

"Shetani mdogo wewe. Na Hughie?" Bibi alinivuta nimgeukie. "Ulisema kaka yangu amefariki. Huo nao ni mzaha wako?"

Babu aliweka simu chini taratibu na kukalia kiti kilicho karibu. Ningeweza kusema ndiyo. Bibi angeniamini, maana kusema uongo ndilo somo pekee ninalofaulu. Angenichapa, na mambo yangeishia hapo. Babu naye angeendelea kuulinda mdomo wake mpaka kaburini, apate pensheni asipate. Nikangoja aseme yeye. Akabaki akiizungusha kofia mkononi.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Hilo sikulitunga mimi."